Siku Niliyokunywa Uji Bila Barakoa

Kama umeamka asubuhi ukakuta nusu ya uso wako imegoma, karibu, kaa hapa nikusimulie. Sitakueleza mambo ya mishipa. Hayo waulize madaktari, wao wameyasomea na mimi nimesomea viazi. Nitakueleza yale ambayo nilimtafuta mtu wa kunieleza nikamkosa: chai utainywaje, utalalaje na jicho lisilofunga, na mtoto wa jirani akikukodolea macho utamjibu nini. Tena nakuambia mapema ili usisome roho mkononi: nimepona. Uso haukurudi wote kama ulivyokuwa, lakini nimepona, na nina furaha mpaka wenzangu sokoni wananiambia nipunguze kelele.

Naitwa Karimi. Kwetu ni Kibirichia, kule juu ambako ukipanda kitu kingine kabla ya viazi majirani watakuja kuuliza kama uko sawa. Wazazi wangu wanalima, mimi nauza. Viazi vya kula navipeleka soko la Meru mjini, na vya mbegu nawauzia wakulima wanaotufuata nyumbani kutoka mbali. Kazi hii ni ya mdomo. Ukinyamaza sokoni, magunia yako utarudi nayo.

Kwa hivyo korona ilipoingia na serikali ikasema tufunike midomo, mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote. Barakoa yangu ilishinda kidevuni. Askari walikuwa wakivamia soko kukamata wasiovaa, na mtu akipiga tu kelele "Karao!", sisi tulitawanyika. Siku moja nilitoka mbio, mguu niponye, viazi nimeviacha juu ya turubai, nikajibanza nyuma ya lori la kabichi nikihema. Nikaanza kujipapasa mifukoni na kifuani nitafute barakoa nijifunike. Kumbe ilikuwa mkononi! Nilikuwa nimekimbia nayo nimeishika kama bendera, na askari wala hawakuwa na haja nami. Walikuwa wamekuja kununua ndizi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu ikafika Julai ya mwaka wa pili wa korona, ile baridi ya Kibirichia ambayo ukungu hauondoki mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimesimama nje nikipiga mswaki. Nikaweka maji mdomoni nisukutue, yakanitoka yenyewe upande wa kushoto, yakalowesha sweta. Nikajaribu tena, yakatoka tena. Nikadhani ni baridi imenigandisha midomo, nikaingia jikoni kuota moto.

Mama alikuwa akichochea kuni. Aliinua macho, akaacha kuchochea.

"Karimi, hebu angalia mimi vizuri. Uso yako imeenda wapi?"

Nilikimbilia kioo cha Baba cha kunyolea. Upande wa kulia nilikuwa mimi. Upande wa kushoto jicho lilikuwa limetoka wazi, haliwezi kufunga, nyusi imelala, na shavu limeshuka. Mdomo wote ulikuwa umevutwa kulia. Nilijaribu kutabasamu kidogo, ule upande mmoja ukatabasamu, ule mwingine ukabaki ukinitazama. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Kwetu ugonjwa hauanzi na hospitali, unaanza na sufuria. Mama alichemsha kiazi kikubwa, akakifunga kwa kitambaa, akanikandamizia shavuni huku akiomba kwa sauti. Baba alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Alisema, "Ni upepo ya mlima. Alitoka nje na jasho." Mimi nilikuwa nikiwaza neno moja tu, kiharusi, na kwamba nitabaki hivyo, na mkono utafuata, kisha mguu. Kiazi kilipopoa nilikitupa nikasema twende Meru.

Hapo ndipo nilipoipenda barakoa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliivaa vizuri, nikaivuta hadi chini kabisa ya macho, na getini mwa hospitali askari aliyepima joto la mwili alinisifu: "Hivyo ndivyo inavaliwa, madam." Ndani, viti vilikuwa vimewekwa alama za utepe ili watu wasikae karibu karibu. Tulikuwa watu wengi tumekaa kwa nafasi, wote tumefunikwa, na hakuna aliyejua nani ana nini. Ungekuwa na mdomo umegeukia Isiolo, hakuna ambaye angejua. Nilipumua.

Mzee mmoja aliyekaa ng'ambo ya utepe alinitazama muda mrefu, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mama, nikuulize kitu. Mbona unalia na jicho moja?"

Ni kweli, lile la kushoto lilikuwa likichuruzika lenyewe kwa sababu halikufunga. Nilimwambia lile lingine linangoja zamu. Alicheka mpaka akakohoa, na unajua vile kukohoa kulivyokuwa siku hizo! Benchi zima liligeuka kumkodolea macho, akainua mikono juu akisema, "Ni kicheko tu, jameni, ni kicheko!" Huyo mzee sikumwona tena, lakini asubuhi ile alinisaidia kuliko kiazi.

Daktari aliniambia niinue mikono, nitembee, nifumbe macho, nipulize mashavu. Kisha akasema si kiharusi. Ni mshipa wa uso uliopooza, wengi hupona, wengine hupona nusu, na inaweza kuchukua muda. Mimi nilisikia "si kiharusi", mengine yote yaliyofuata nililazimika kumuuliza tena. Nilitoka na vidonge, dawa ya kutia jichoni, plasta ya kufungia kope usiku, na tarehe ya kuonana na mtaalamu wa mazoezi. Usidharau hiyo plasta. Jicho likikauka utajuta, kwa hivyo lifunge kila ukilala, hata ukijiona kama mwizi aliyekamatwa.

Sehemu ngumu zaidi nitaisema haraka. Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa walikuja nyumbani. Mimi nilikuwa chumbani nimelala, na ukuta wetu ni mbao. Nilisikia mmoja akiuliza habari zangu.

"Karimi hayuko," Mama akajibu. "Alienda Nairobi kwa shangazi yake."

Wakanywa chai, wakaomba, wakaondoka. Nilikaa kitandani na plasta yangu jichoni, hatua chache kutoka walipokuwa wamekaa, na niliumia kuliko asubuhi ile ya kioo. Walipoondoka nilitoka nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nakukinga," akasema. "Watu wako na mdomo mbaya. Watasema umerogwa, ama umefanya kitu. Na wewe bado hujaolewa."

"Kwa hivyo nikae Nairobi mpaka lini?"

Alikusanya vikombe vya wageni akaenda kuviosha. Baba aliendelea kula githeri yake ya mahindi na maharagwe kama mtu aliyeko peke yake. Baada ya hapo mimi na Mama tuliongea mambo ya ng'ombe na kuni tu. Nampenda sana mama yangu, lakini miezi ile tulikuwa kama wapangaji wa nyumba moja.

Nilirudi sokoni mapema kuliko walivyotaka. Barakoa juu, macho nje, na yule msichana aliyekuwa akikimbia askari sasa akawa mfano wa soko zima. Wenzangu walinitania, "Karimi siku hizi ni daktari!" Askari mmoja alinionyesha wengine kwa kidole, akisema igeni huyu. Kama wangejua! Nilibaini kwamba ninaweza kuuza kwa macho na mikono, na kwamba maneno mengine yakitoka vibaya, mteja anadhani ni kitambaa. Serikali ilikuwa imenipa pa kujificha, tena kwa lazima, tena na nchi nzima. Mgonjwa gani mwingine amewahi kupata bahati hiyo?

Kila wiki mbili nilikwenda kwa Kathambi, mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Alinikalisha mbele ya kioo nikunje uso, nivute pua, nipige busu hewani. Nyumbani nilifanya hayo asubuhi na jioni mlango umefungwa, maana mtu akikuona ukikibusu kioo ataanza habari nyingine. Chai nilikunywa kwa mrija, upande wa kulia. Chakula kilijikusanya kwenye shavu la kushoto bila mimi kujua, nikajifunza kukitoa kwa kidole kama mtoto. Mwambie aliye karibu nawe akuonyeshe ishara chakula kikikuganda kidevuni, maana wewe utakuwa wa mwisho kujua.

Tulivuna viazi vya Agosti, na uso bado. Mvua fupi zikaja, tukapanda, tukapalilia, na uso bado. Kisha siku moja Kathambi aliweka kipande cha karatasi mezani kama kawaida, akaniambia nipulize. Nilipuliza, na karatasi ikaondoka! Miezi yote hiyo hewa ilikuwa ikitorokea pembeni, leo karatasi imeteleza mpaka ukingoni na kuanguka. Nilipiga ukelele. Kathambi alipiga ukelele. Tulicheza ngoma kwa viwiko kwa sababu kukumbatiana kulikuwa kumekatazwa, na mgonjwa aliyekuwa akingoja nje alifungua mlango kuuliza kama kuna mtu amezaa.

Kabla ya mvua hizo fupi ndipo alipokuja Njue. Alitoka Kianjokoma, upande wa Embu, kununua mbegu, kwa sababu mtu alimwambia za Kibirichia hazimwangushi mkulima. Alikuwa mrefu, barakoa yake ya buluu, na alichagua kiazi kimoja kimoja kama anayetafuta mke.

"Hizi mbegu kweli zimetoa macho ya kuchipua?" akauliza.

"Ziko na macho kukushinda wewe."

Alinitazama, akaona jicho langu linachuruzika. "Haiya! Bei sijaitaja na tayari unalia?"

Nilicheka ndani ya kitambaa mpaka nikashika gunia. Alirudi baada ya wiki tatu kusema mbegu zimeota, kana kwamba hakuna simu. Akarudi tena kuuliza mbolea, nami siuzi mbolea. Safari hiyo ya tatu nilimwambia ukweli, kwa sababu sikutaka apendezwe na nusu ya habari.

"Njue, chini ya hii kitu mdomo wangu umeenda upande."

Alifikiria. "Upande gani?"

"Kulia."

"Basi mimi nitakuwa nakaa kulia. Ikicheka niwe karibu."

Hakuniomba nimwonyeshe, nami sikumwonyesha. Tulikutana hivyo, kwa mbegu na kwa simu. Akininunulia chakula mjini nilikifunga nikaenda nacho nyumbani. Alinitania kwamba amenilisha mara nyingi na hajawahi kuniona nikitafuna, huenda nawalisha ng'ombe wetu. Nilijua macho yake na yeye akajua yangu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na hofu.

Machi, wakati wa kupanda tena, redio ikatangaza: barakoa si lazima tena ukiwa nje. Mungu wangu, ungeliona soko la Meru siku ile! Watu walizizungusha hewani. Mama muuza nyanya aliitupa yake juu ya paa la kibanda na iko huko hadi leo. Midomo ikatoka! Mwanaume niliyemdhania kijana kumbe ana ndevu nyeupe. Msichana wa chai ana mwanya mzuri ajabu na hakuna aliyejua. Watu walitazamana wakicheka kama waliorudi kutoka safari ndefu. Furaha yao iliniambukiza, nikajikuta nami nacheka, mikono juu, na barakoa yangu imekaza usoni vilevile.

Wiki zilizofuata nilibaki peke yangu. "Karimi, korona iliisha, ama wewe umebaki nayo?" Wengine walisogeza vigoda vyao mbali kidogo. Korona haikuwa imeisha kabisa, kwa hivyo nilijibu kwamba najikinga, na hilo likawatosha wengine. Lakini kwenye duka moja askari wa mlangoni alinizuia. "Madam, toa hiyo kitu tuone uso. Siku hizi wezi ndio wanavaa." Mwaka mmoja tu nyuma angenizuia kwa kutoivaa! Niliondoka bila sukari.

Nilimweleza Kathambi huku nikitaka anionee huruma. Hakunionea.

"Mazoezi ya kioo imetosha," akasema. "Leo ukitoka hapa, toa maski getini, tembea hivyo mpaka stage ya matatu."

Nilitoa. Jamani, upepo! Sikukumbuka kwamba midomo husikia upepo. Harufu ya mahindi ya kuchoma iliniingia moja kwa moja, nikatembea kichwa juu, moyo unadunda kwa raha. Nikapita watu wa boda boda, hakuna aliyesema kitu. Nikapita shule, mtoto akanitazama, akamvuta mama yake sketi, na mama akamziba macho kwa kiganja. Hakuwa na ubaya, nadhani alifikiri ananifanyia heshima. Niliirudisha barakoa kabla ya kufika stage, na sikuivua tena hadharani.

Agosti, baada ya mavuno, Njue alisema analeta wazee wake kwa Baba. Nilirukaruka jikoni mpaka kuku wakatoka nje. Kisha shangazi yangu akanikumbusha uji.

Yafaa nieleze kwa wasiotujua. Kwetu, mahari haianzi kwa maneno. Wanawake wa upande wa mvulana huja na uji wa kuchacha kwenye vibuyu, na baba wa msichana humuuliza binti yake mbele ya watu wote: tunywe au tusinywe? Kusema ndiyo hakutoshi. Msichana hunywa kwanza, kutoka kwenye kata ya kibuyu, watu wamemtazama mdomoni. Akimeza, amekubali. Ni hapo tu ambapo baba yake anaweza kuendelea.

Mimi wakati huo nilikuwa nimefika mbali. Jicho lilifunga, ingawa kwa kuchelewa. Niliweza kupiga mluzi mbaya. Lakini kona ile ya kushoto ya mdomo ilikuwa bado imelala, na kinywaji chochote bila mrija kilipita hapo kwenda kidevuni. Na watakaotazama ni ukoo wangu wote, ukoo wake wote, na Njue mwenyewe ambaye hajawahi kuniona. Binamu yangu alipendekeza mrija. Shangazi alimtazama kama aliyependekeza tunywe uji kwa koleo.

Mama ndiye aliyekuja na mpango. Alikuwa amempelekea fundi kipande cha kitenge cha gauni langu, akashonewa barakoa inayofanana nalo, yenye ushanga pembeni. Ilikuwa nzuri, lazima niseme.

"Utasema uko na homa kidogo," akaniambia. "Kata ikikuja, shusha kidogo tu, gusisha mdomo, pandisha. Hakuna mtu atajua hujameza."

"Mimi nitajua, Mama."

"Karimi. Siku moja tu. Wakishaenda, fanya vile unataka."

Niliichukua. Sikuwa na nguvu ya kugombana, na kusema kweli nilifurahi kuwa nayo.

Siku yenyewe jua liliwaka Kibirichia, kitu ambacho ni baraka tosha. Watu wa Kianjokoma waliimbia getini mpaka wakafunguliwa. Sisi wasichana tulikuwa tumefunikwa leso kichwa hadi miguu, tumepangwa kwenye mstari, na kazi ya Njue ilikuwa kunitambua. Akikosea, anatoa mbuzi. Tumekatazwa kusema. Nilimsikia akipita, akirudi, akipita tena, wanawake wakimzomea. Kisha akasimama katikati ya uwanja akatangaza kwa sauti kubwa:

"Wazee, mimi nitasema ukweli. Viazi vya Kianjokoma ni tamu kushinda vya Kibirichia!"

"Uongo!" nikapiga kelele kutoka ndani ya leso.

Uwanja ulilipuka! Wanawake wetu walilia kwamba ameiba, kwamba mbuzi atoke mara mbili, wazee walishika mbavu, na Njue akaja mbio akanifunua. Alinikuta na barakoa yangu ya kitenge, machozi ya kicheko yakitoka jicho la kushoto. "Ni huyu," akasema. "Analia nikitaja viazi."

Tukakalishwa. Meza ilikuwa imejaa vikombe vya plastiki, kimoja kwa kila mtu, kwa sababu tangu korona hakuna aliyekubali kunywa baada ya mwingine. Kata ilikuwa moja tu, yangu na Njue. Mama yake Njue, mama mnene mwenye miwani, aliijaza mpaka pomoni akaniletea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Baba akasimama, akavua kofia.

"Karimi, hawa watu wametoka Embu na wameleta uji. Tunywe ama tusinywe?"

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, na kwa kidole alikuwa akiniashiria: kidogo tu, gusisha. Niliishika kata. Ilikuwa nzito na ya baridi. Nikajiuliza: kama nitagusisha tu, nimekubali nini? Nitakuwa nimemwambia Njue ndiyo ya uongo, siku ya kwanza. Na kesho je? Nitaishi Kianjokoma nikinywa chai nyuma ya mlango? Nilimwangalia kijana huyu aliyesema atakaa kulia. Alikuwa amekaa kulia.

Nikapiga moyo konde, nikaivua. Niliivua yote, nikaiweka mapajani, nikainua uso watu wanione, kisha nikanywa. Sikunywa kwa kuonja. Nilikunywa kama mtu aliyetoka shambani. Uji ulikuwa mchachu na mtamu, na nilivyojua ingekuwa ndivyo ilivyokuwa: ulitoka kushoto, ukateremka kidevuni, ukaingia shingoni, ukachora mstari kwenye gauni jipya. Nikameza. Nikasema, "Baba, tunywe."

Nilisikia ng'ombe zizini. Njue alikuwa akinitazama mdomoni kwa mara ya kwanza, na aliangalia kwa muda wake, bila haraka, mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanyoosha mkono.

"Na usimalize yote," akasema. "Wengine pia tuko na kiu."

Akanywa. Watu wakaanza kupumua, na msichana mmoja akasogea na jagi kumimina kwenye vile vikombe. Mama yake Njue akamzuia kwa kiganja.

"Hizo plastiki wekea watoto. Mimi nimetoka Kianjokoma kukunywa na bibi ya kijana wangu. Lete hiyo kata."

Aliipokea. Aliizungusha taratibu, akitafuta kwa miwani yake, mpaka akafika mahali pale palipokuwa bado pamelowa, pale niliponywea mimi. Akaweka mdomo wake hapo akanywa. Miaka miwili na zaidi hakuna mtu aliyekuwa amegusa kikombe cha mwenzake, na huyu mama alinywea pale palipogusa mdomo wangu mbovu mbele ya watu wote, kisha akafuta midomo akasema uji umeiva. Nilianza kulia, macho yote mawili safari hii.

Kata ikazunguka. Mzee wa Embu akanywa, mzee wetu akanywa, shangazi akanywa, ikajazwa tena, na kila mtu aliitafuta ile sehemu moja. Watu walianza kuimba huku wakingoja zamu. Baba alikunywa kofia ikiwa kifuani. Mwishowe kata ikafika kwa Mama.

Aliipokea kwa mikono miwili. Wale wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa nyuma yake, wale wale walioambiwa niko Nairobi. Mikono yake ilitetemeka vibaya. Alipoinua kata uji ulimwagika pande zote mbili za mdomo wake, ukamshuka kidevuni hadi kwenye blauzi nyeupe ya kanisa, kuliko mimi, mara mbili ya mimi. Mtu akampa kitambaa. Mama alikisukuma kando, akageuka na uso wake ulivyo akawatazama wale wanawake.

"Huyu ndiye Karimi," akasema. "Hakuwa Nairobi. Alikuwa hapa."